Kuitafuta Pete Mbili

Jumatatu, 3 Machi. Iyunga, Mbeya

Leo Dk. Gwakisa, msimamizi wangu, amenikabidhi diski. Ameitoa Dar, akaipakata kwenye basi kutwa nzima, maana kwa intaneti ya chuo chetu ningepakua data ile hadi nipate mvi. Ndani yake mna saa nyingi za mawimbi ya redio yaliyonaswa na darubini kubwa ya Marekani, ikiwa imeelekezwa kwenye wingu moja la gesi na vumbi katika kundi la nyota la Ng'ombe. Wenyewe walishaitumia, wakaiacha wazi kwa yeyote anayetaka. Huyo yeyote ndiye mimi, Marta, binti wa mkulima wa nyanya wa Ilula, mwanafunzi pekee wa fizikia ya anga katika idara nzima.

"Usiniletee unachotaka kukiona," kaniambia Daktari. "Niletee kilichopo."

Nimesema ndiyo Daktari. Mtu gani hasemi ndiyo kwa Dk. Gwakisa?

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Umeme hakuna tangu asubuhi. Nimefua, hazikauki.

Alhamisi, 13 Machi

Sekela, ninayeishi naye chumba kimoja, anauza mitumba soko la Mwanjelwa. Mvua imemrudisha mapema, akakaa kitandani kwake akaniuliza natafuta nini hasa humo kwenye kompyuta.

Nikamwambia kuna molekuli zilizoundwa kwa pete za kaboni. Wanakemia huziita za kunukia, kwa sababu za kwanza kujulikana zilitoka kwenye vitu vyenye harufu, kama ubani. Huko kwenye wingu ni baridi kupita kiasi, lakini molekuli bado zinajizungusha, na kila zinapobadili mzunguko zinatoa wimbi la redio la masafa yake. Kila aina ina orodha yake ya masafa, kama mtu na alama za vidole. Mwaka 2018 ndipo pete ya kwanza ya namna hiyo ilipotambuliwa kwa redio, katika wingu hilihili, na zimefuata nyingine. Ninayoitafuta mimi ina pete mbili na nitrojeni pembeni, na huko angani haijawahi kuonwa na mtu. Jina lake halisi halitamkiki ukiwa na ugali mdomoni, kwa hiyo tunaiita Pete Mbili.

"Yaani unatafuta harufu kwa redio," Sekela akasema.

"Ndiyo."

"Na ukiipata unapewa nini?"

Nikamwambia nitakuwa wa kwanza. Kaboni iliyo kwenye udongo na kwenye miili yetu ilipita kwenye mawingu ya namna hii, na mimi nitakuwa nimejua kipande chake kimoja kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Sekela akanitazama kidogo, kisha akaniazima sweta.

Jumatano, 2 Aprili

Kurasa nane nimempelekea Daktari, kanirudishia zote nyekundu. "Nani kakuambia?" Ameandika hivyo mara kumi na moja, nimehesabu. Sijui kwa nini mtu mwenye macho makali hivi hajawahi kuona kitu kizuri hata kimoja katika kazi yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Kelele tupu. Hakuna kitu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili. Ilula

Nimekuja nyumbani kwa Pasaka. Mvua imeharibu nusu ya shamba, majani yameungua kwa ugonjwa, lakini upande wa juu nyanya zimekaa vizuri na Baba ana matenga ya kutosha ya kupeleka barabarani. Tumechuma pamoja kutwa. Aliniuliza kazi inaendeleaje, nikamwambia mawimbi yenyewe ni dhaifu, kila mstari, yaani kila masafa yake kwenye grafu, umezama kwenye kelele.

"Sasa utasikiaje?"

"Baba, mtu mmoja akinong'ona kanisani humsikii. Wakinong'ona arobaini neno lilelile kwa mara moja, unasikia. Pete Mbili ina mistari arobaini. Naipanga yote, mmoja juu ya mwenzake, naijumlisha."

Akafikiri, tenga likiwa begani. "Na kama wanaonong'ona siyo waumini?"

Nilicheka. Baba ni mzee wa kanisa, kila mfano unaishia usharikani kwake.

Jumanne, 6 Mei. Iyunga

Imo.

Imo, imo, imo! Leo saa nne asubuhi nimejumlisha mistari yote arobaini baada ya kusafisha upya, na katikati ya kelele kimesimama kilima kimoja, chembamba, kimenyooka, mahali hasa panapolingana na mwendo wa lile wingu. Nimerudia mara tatu. Nimegawa data nusu kwa nusu, kimo kote kuwili. Nimeweka orodha ya masafa ya uongo, kimetoweka. Nikarudisha ya kweli, kikarudi. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, manyunyu yananipiga, nacheka peke yangu hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Nimempigia Baba hapohapo. Akasema, "Wewe? Wewe Marta?" Nikasikia anaita watu.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwonyesha Daktari. Ameangalia karibu nusu saa, hakutabasamu. "Hakiki tena. Kisha uniandikie dai rasmi. Kwa sasa usimwambie mtu."

Nikasema sawa Daktari. Naandika hapa ukweli: nilikuwa nimeshamwambia Baba, na sikumwambia Daktari kwamba nimemwambia.

Alhamisi, 15 Mei

Kuhakiki. Kilima kipo palepale. Mvua zimekwisha, baridi imeanza.

Jumapili, 25 Mei

Baba amepiga. Jumapili ijayo ni Sikukuu ya Mavuno, na anataka kunitolea shukrani mbele ya usharika, kwa ajili ya Pete Mbili. Nilipaswa kusema hapana. Nikasema, "Sawa, Baba."

Alhamisi, 29 Mei

Nimeenda kuaga kwa Daktari. Safari hii nimesema yote: kwamba Baba anajua, kwamba Jumapili anatoa shukrani kanisani, kwamba na mimi nitakuwapo. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Usiharakishe, Marta."

Basi, hayo tu. Nikadhani ni wivu.

Jumapili, 1 Juni. Ilula

Kanisa limejaa hadi nje. Mahindi, vitunguu, nyanya, alizeti, kuku wamefungwa miguu chini ya madhabahu. Baba amevaa koti lake la kijivu. Alipoitwa alikwenda mbele na tenga moja la nyanya zilizochaguliwa na jogoo mwekundu, akasalimu kwa Kihehe, "Kamwene." Watu wakajibu, "Kamwene!"

"Mnanikumbuka nilipompeleka huyu binti sekondari, wengine mkasema Danieli anaharibu mtoto. Mkasema ataolewa na vitabu. Leo huyu binti ameona kitu huko juu ambacho hakuna mtu ameshawahi kukiona. Siyo Mzungu, siyo nani. Mtoto wa hapahapa Ilula. Mimi sikijui jina lake, lakini Mungu anakijua. Nashukuru."

Vigelegele. Mchungaji Eliezeri akanisimamisha. Baada ya ibada, kwenye mnada wa mavuno pale uwanjani, jogoo wa Baba aligombewa kuliko ndama wa watu wengine, na aliyempata akazunguka naye juu juu akiimba. Baba alikuwa analia waziwazi. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata tulipomzika Mama.

Jumatatu, 9 Juni. Iyunga

Ijumaa nilikabidhi dai rasmi. Leo saa tatu Daktari kaniita. Mezani pake palikuwa na bahasha ya kaki, imefungwa, sahihi yake imepita juu ya mfuniko, tarehe 1 Machi. Siku mbili kabla sijapewa diski.

"Fungua."

Nikafungua. Karatasi moja. Masafa arobaini, na nguvu ya kila mstari, na chini yake: *Ishara ya majaribio. Imeongezwa kwenye data kabla ya kukabidhiwa mwanafunzi.* Nikasoma mara tatu. Masafa ni yangu. Nguvu ni zangu. Kilima ni chake.

"Umeiweka wewe," nikasema.

"Nimeiweka mimi. Ni utaratibu, Marta. Huwezi kujua kama mtafiti anaona mpaka umfichie kitu akitafute. Na wewe umekiona. Dhaifu vile, umekiona. Nakupongeza."

Ananipongeza!

"Ulijua naenda kanisani."

"Nilikuambia usiharakishe."

"Ulijua! Nilisimama hapa, nikakwambia baba yangu anakwenda kusimama mbele ya watu, ukafuta miwani!"

"Bahasha haifunguliwi kabla ya dai. Ningevunja jaribio."

Nimetoka nimebamiza mlango. Nimetembea hadi Mwanjelwa kwa miguu, barabara nzima nikisema peke yangu. Amenichezea shere. Miezi mitatu ananivisha kilemba cha ukoka! Niligawa data nusu kwa nusu, nikaona kote kuwili, nikamshukuru Mungu, kumbe kote kuwili ni mkono wa mtu mmoja. Mtu anayeandika "nani kakuambia" mara kumi na moja kwa wino mwekundu, kumbe aliyeniambia ni yeye!

Na Baba. Baba na koti lake la kijivu. Nani atakwenda kumwambia?

Jumanne, 10 Juni

Sijaenda chuoni. Sekela amesema, "Kamwagie maji huyo mzee." Nimelifikiria.

Alhamisi, 12 Juni

Sekela kaniambia kuna kaka anayetengeneza simu jirani na kibanda chake, aliwahi kusoma kwa Dk. Gwakisa. Anaitwa Samwel. Nimemkuta ana simu imefunguliwa matumbo, hakuinua hata uso.

"Bahasha?" akauliza.

"Umejuaje?"

"Kwa jinsi ulivyokuja." Akaweka bisibisi chini. "Kwa hiyo uliiona."

"Niliiona. Nikatangaza."

"Mi sikuiona, dada. Aliniwekea vilevile. Nikatafuta miezi saba, nikaandika hakuna. Alivyofungua ile bahasha nikatamani nipotee. Kitu kilikuwa humo muda wote, na mimi nimesema hakuna. Sasa 'hakuna' yangu ina maana gani? Nikaacha."

Kasema pia kwamba Daktari mwenyewe, alipokuwa kijana anasoma nje, aliwahi kutangaza molekuli ambayo haikuwapo, akalazimika kuandika barua ya kuikana, na tangu hapo hamwamini mtu, akianza na nafsi yake. Samwel alilisema kwa huruma. Nilikasirika zaidi. Kama anajua inavyouma, kwa nini anawauma wengine?

Lakini nimerudi na jambo moja ambalo sikutaka kurudi nalo: iwapo ile ishara yake itaondolewa nami nisione kitu, basi "hakuna" yangu itaaminika, maana imeshathibitishwa kwamba ingekuwapo ningeiona. Kwa hilo yuko sahihi, na ninamchukia kwa kuwa sahihi.

Jumatatu, 16 Juni

Siku tatu nimesoma jinsi makundi makubwa ya utafiti yanavyofanya. Wanafichiana ishara, ndiyo. Lakini watu wao huambiwa mapema: huenda ikawekwa, hamtajua lini. Nimempelekea kurasa, nikazitandaza mezani kwake.

"Wenzako wanaambiwa."

"Ningekuambia, ungekuwa unatafuta yangu tu."

"Ningejua inaweza kuwapo. Nisingejua kama ipo. Jaribio lingebaki jaribio, na mimi ningemwambia Baba asubiri bahasha. Ulichonificha siyo ishara, Daktari. Umenificha kwamba kuna bahasha."

Nje walikuwa wanakata nyasi.

"Samwel naye alisema hivyo," hatimaye akasema.

"Na ukanifanyia mimi vilevile."

"Ndiyo."

Nimemwambia Jumapili ya tarehe 29 atakwenda kanisani Ilula. Akauliza, "Mimi?" Nikasema, "Wewe. Mimi sitasimama pale kukanusha kitu ambacho sikukiweka." Sijui nimepata wapi ulimi huo. Akasema, "Ndaga, asante, nimekusikia," kwa sauti ndogo, kama vile mimi ndiye mkubwa.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia Baba kwa simu. Nimeeleza yote, na kwamba nilionywa nisiseme nikasema. Amesikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nilisema uongo mbele ya madhabahu."

Akakata. Nimepiga mara sita, hapokei.

Jumanne, 24 Juni

Daktari amenipa faili safi, ishara yake imeondolewa. Nimejumlisha mistari arobaini. Kelele, tambarare kama meza. Pete Mbili hakuna, au kama ipo ni chache kuliko kiwango nilichoweza kupima. Hiyo ndiyo tasnifu yangu. Baba bado hapokei.

Jumapili, 29 Juni. Ilula

Daktari alifika jana, akalala kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi tulikutana mlangoni mwa kanisa, amevaa suti, viatu vina vumbi. Baba alikuwa anapanga watu kwenye viti. Alimpa Daktari mkono wa heshima, kwa sababu ni mgeni. Mimi alinipita.

Baada ya matangazo Mchungaji Eliezeri akamwita Daktari mbele. Mtu huyu nimemwona akiwakaripia wahadhiri wenzake hadi wanatafuta kalamu zilizo mkononi mwao. Leo alishika kiti kwa mikono miwili.

"Mimi ni mwalimu wa Marta. Kitu mlichokishukuru hapa, nilikiweka mimi ndani ya data kwa siri, kumjaribu. Yeye hakusema uongo. Baba yake hakusema uongo. Nilijua anakuja kutoa shukrani, na sikumzuia. Uongo ni wangu. Naomba radhi."

Bibi mmoja wa mbele akauliza kwa Kihehe amesema nini, akaelezwa, akasema "Eee!" kwa nguvu.

Mchungaji akanigeukia. "Na sasa, Marta, hiyo kitu ipo au haipo?"

Nikasimama. Nikaeleza kwamba uongo umeondolewa, nimetafuta upya kwa njia ileile iliyouona ule uongo, na kwa kiwango changu cha kupima, hakuna. Nilisema kwa kiburi kidogo. Niliona nimeshinda.

Ndipo Baba akasimama, kule nyuma mlangoni. Hakuniangalia mimi, alimwangalia Daktari.

"Mwalimu, nashukuru kwa kuja. Nina swali moja. Hiyo 'hakuna' nayo, siyo kwamba umeiweka wewe?"

Kuna waliocheka. Baba hakuwa anatania. Daktari alifungua mdomo, kisha akanitazama mimi, kana kwamba ninalo jibu.

Jumatatu, 30 Juni. Njiani kurudi Mbeya

Nimekaa dirishani tangu Ilula, nina hasira, na leo hasira ni za kujikasirikia. Nimebamiza milango, nimemleta mtu kutoka Mbeya kuomba radhi, kisha faili "safi" nimeipokea kutoka mikononi mwake yuleyule, nikaifungua bila hata kuuliza ameisafishaje. Mtu wa nyanya ndiye aliyeuliza. Swali lile lilipaswa kuwa langu.

Jumatano, 2 Julai. Iyunga

Nimemwambia Daktari situmii diski yake tena wala faili yake safi. Napakua yote upya kutoka hazina ya darubini, mwenyewe, toka mstari wa kwanza.

"Huniamini?"

"Sikuamini, Daktari."

Imemchoma, nimeona. Sikurudisha neno. Akasema intaneti ya chuo haitaweza, nikamwambia najua. Samwel ana intaneti nzuri dukani kwake, ya waya, na amenipa kona ya kaunta.

Jumatano, 9 Julai

Asilimia thelathini na moja. Baridi inakata vidole. Samwel amefunika kompyuta yangu kwa kanga, vumbi lisiingie.

Jumanne, 15 Julai

Asilimia sitini na nane. Samwel ameniuliza leo, bila kunitazama, kama anaweza kukaa pembeni nikianza kusafisha.

Jumamosi, 19 Julai

Imekamilika. Tumeanza.

Jumatatu, 28 Julai

Daktari amepita dukani, ati kioo cha simu kimepasuka. Kioo ni kizima. Alisimama nyuma yetu kidogo, akaona tunachofanya, hakushika kalamu. Bado nina hasira naye. Nadhani nitakuwa nazo hadi nihitimu na labda baadaye, na nimeacha kujilazimisha ziishe.

Ijumaa, 1 Agosti

Leo saa tano asubuhi, kwenye kaunta ya simu mbovu, mistari arobaini imejumlishwa. Samwel alihesabu, nami nikahesabu kivyangu, kisha tukalinganisha. Kila hatua, tangu mawimbi yalipotoka kwenye darubini, tunaijua.

Nimempigia Baba. Mlio wa tatu akapokea. Nikamsikia akihema, na nyuma yake lori linapita barabarani.

"Baba, hakuna," nikasema. "Safari hii nimechota mwenyewe, nimepima mwenyewe. Hakuna aliyeweka kitu. Hakuna."

"Una uhakika, Mama?"

"Nina uhakika, Baba."

"Haya," akasema. "Hiyo 'hakuna' yako nitaisimamia kanisani Jumapili."